"Na Wewe, Una Watoto?": Maswali Unayomwuliza Mshauri Wako

WATU wengi ninaowatuma kwa mshauri nasaha huenda mara moja tu. Sababu wanazonipa wakirudi kwangu ni za kila aina: nauli, kazi, msongamano wa magari, mvua. Lakini ukiwadodosa kidogo utasikia jambo jingine. Mtu alifika, akakaribishwa, akaketi, akaanza kueleza taabu zake. Katikati ya mazungumzo akauliza swali la kawaida kabisa, "Na wewe, una watoto?" Badala ya jibu akapata swali: "Kwa nini ungependa kujua hilo?" Hapo moyo ukajifunga. Alimaliza saa yake kwa adabu, akalipa, na hakuonekana tena.

Mwezi mmoja baadaye mtu huyo yuko mbele yangu, na kichwa kile kile kinachomuuma, usingizi ule ule usiokuja, na presha ambayo tembe pekee zimeshindwa kuiteremsha. Ndiyo sababu juma hili nimeona tulizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Ningependa wewe msomaji ujue mshauri huwaza nini unapomwuliza mambo yake mwenyewe, kwa nini huenda asikujibu, ni lini anapaswa kukujibu bila kuzungukazunguka, na ni lini jibu lake linafaa kukufanya uchukue mkoba wako uondoke.

Kwanza tukubaliane kwamba swali lenyewe si kosa. Sisi hatukai na mtu hivi hivi bila kumjua. Ukipanda basi la Mombasa hapa Nairobi, kabla ya kufika Mtito Andei umekwisha kujua jirani yako anatoka wapi, ana watoto wangapi na yule mdogo yuko darasa la ngapi. Kumwuliza mtu habari za nyumbani kwake ni kumheshimu. Basi anayekataa kusema hata kama ana mtoto huonekana ana kiburi, au ana jambo analoficha.

Mimi kama daktari wa kawaida huulizwa maswali ya namna hii kila siku. Mama akitaka kujua kama wangu nao waliwahi kuugua tetekuwanga, humjibu na tukaendelea, kwa kuwa jibu langu halibadilishi dawa atakayopewa mtoto wake. Kwa mshauri nasaha mambo si hivyo. Pale mazungumzo yenyewe ndiyo dawa. Neno lolote analolitia ndani yake, hata lile la kirafiki, limo katika dozi.

KIOO CHA FREUD

Desturi ya mshauri kujificha ilianzia Ulaya. Mwaka wa 1912 Dkt Sigmund Freud wa Vienna, nchini Austria, aliwaandikia madaktari wenzake waliokuwa wakitibu kwa mazungumzo kwamba daktari asimfunulie mgonjwa undani wake. Awe kama kioo, asionyeshe ila kile anachoonyeshwa.

Hoja yake haikuwa ya kiburi. Freud alikuwa ameona kwamba mgonjwa asiyejua lolote kuhusu daktari humvisha sura aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Aliyelelewa na baba mkali humwona daktari mkali hata kama hajamkemea. Aliyeachwa na mamake akiwa mdogo husubiri aachwe tena, na daktari akichelewa dakika tano huona ndilo hilo limefika. Hali hii wataalamu huiita uhamishaji wa hisia, na ni msaada mkubwa, kwa maana ugomvi wa miaka 30 iliyopita unakuwa umeletwa chumbani ambapo unaweza kutazamwa. Daktari akijieleza sana, ile sura hupotea na kazi huharibika.

Inachekesha kidogo kwamba Freud mwenyewe hakukaa sana ndani ya kioo hicho. Wagonjwa wake aliwapokea katika jengo lile lile alimoishi na mke na watoto, nambari 19 katika barabara ya Berggasse. Kumbukumbu zake za 1907 zinaonyesha kwamba mgonjwa mmoja alifika akiwa na njaa, akalishwa. Na katika miaka ya 1930 mbwa wake, Jofi, alikuwa akilala mumo humo chumbani huku matibabu yakiendelea. Wanafunzi wake ndio waliokuwa wagumu kumshinda mwalimu, kama ilivyo kawaida ya wanafunzi.

Baadaye walitokea wengine walioipinga desturi hiyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika mwaka wa 1957 kwamba miongoni mwa mambo ambayo bila hayo mtu hapati nafuu ni mshauri kuwa mkweli mbele yake, asijifiche nyuma ya cheo. Daktari wa akili Irvin Yalom, naye wa Marekani, alitoa kitabu mwaka wa 2002 alimotenganisha mambo matatu. La kwanza ni jinsi matibabu yenyewe yanavyofanya kazi, na hilo mshauri alieleze lote. La pili ni yale mshauri anayoyahisi humo chumbani wakati huo huo kuhusu anayezungumza naye, na hayo ayaseme kwa hekima. La tatu ni maisha yake binafsi, na hapo aende polepole, akipima. Mimi naona mgawanyo huu unafaa sana, na tutaurudia.

Vile vile kuna uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2001 na Barrett na Berman. Washauri 18 waliokuwa mafunzoni walipewa wateja wawili kila mmoja. (Wao husema "mteja", si "mgonjwa"; neno ambalo Wakenya wengi tunalijua kutokana na simu isiyopatikana.) Kwa mteja mmoja mshauri alitakiwa kuongeza kidogo kusema mambo yake pale mteja aliposema ya kwake, kwa yule mwingine ajizuie. Walioambiwa zaidi walisema taabu zao zilipungua zaidi, na walimpenda mshauri zaidi. Watu 36 ni wachache, na mimi singejenga nyumba juu ya msingi huo. Lakini unatosha kutuonyesha kwamba kunyamaza kabisa si sheria iliyoshuka kutoka mbinguni.

SWALI LILILO CHINI YA SWALI

Tuseme mama wa miaka 52 amekuja kwa sababu ya kifungua mimba wake, aliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili na sasa anashinda akinywa. Mshauri aliyempata ni kijana wa miaka 28, shati limepigwa pasi vizuri, hana hata mvi moja. Mama anamtazama, anakohoa, kisha anasema, "Kijana wangu, wewe una watoto?"

Kuna majibu mawili mabaya. Moja ni, "Mama, hatuko hapa kunizungumzia mimi." Ni kweli, lakini ni kofi. Jingine ni, "Ninao wawili mama, tena huyo mkubwa ananisumbua, juzi tu mwalimu wake kaniita..." na kabla hujatahamaki dakika kumi zimekwisha, mama anampa kijana pole, na pesa za mashauri zinatoka katika mkoba wa mama.

Mshauri aliyefunzwa vizuri husikia kwamba mama hakuuliza idadi ya watoto. Anaweza kujibu hivi: "Bado sijajaliwa, mama. Na nadhani unajiuliza kama kijana ambaye hajalea ataelewa uchungu wa mzazi. Ni haki yako kujiuliza. Ni jambo gani hasa unaogopa sitalielewa?"

Mama ananyamaza. Kisha anasema, "Ninaogopa nawe utaniambia ni makosa yangu."

Hilo ndilo lililomleta. Mume amekwisha kumwambia ni makosa yake, mawifi wamemwambia, na kila usiku anajiambia mwenyewe. Kama kijana angejibu "ndiyo, ninao wawili" na kuendelea, neno hilo lingebaki tumboni mwa mama hadi leo.

Angalia kwamba kijana alijibu. Kusema kweli kwa maneno matatu hakukumpunguzia kitu. Mwingine angependa kutojibu, na hilo pia linawezekana bila kumwudhi mtu: "Mambo ya nyumbani kwangu huwa siyaleti hapa, mama. Si kwa ubaya, ni ili saa hii ibaki yako. Lakini swali lako nimelisikia, na ninadhani lina uzito." Mlango umefungwa, lakini umefungwa kwa upole, na mtu ameelezwa sababu. Lile swali kavu la "kwa nini unataka kujua?", likitolewa peke yake bila neno la kulilainisha, kwa maoni yangu halifai katika nchi hii. Wanaolitumia wamelitoa vitabuni kama lilivyo, bila kujali linavyosikika masikioni mwa mtu aliyelelewa kwamba kuuliza ni heshima.

Swali jingine la kwetu ni "Kwenu ni wapi?" Mara nyingi jina limekwisha kusema. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia na mamia ya maelfu wakahama makwao. Waliochomewa nyumba hawakuacha kumbukumbu hiyo mlangoni walipokuja kutafuta msaada. Mtu kama huyo akimwuliza mshauri kwao ni wapi, hafanyi udaku. Anapima usalama wake: je, nikisema waliotuvamia walikuwa kina nani, huyu ataniona mimi mbaya? Ataandika nini kwenye faili?

Washauri wengine hujibu, "Mimi ni Mkenya tu." Wanadhani wamejibu vizuri. Kwangu mimi huko ni kukwepa, na mteja anajua kwamba amekwepwa. Afadhali aseme, "Jina langu umelisikia, na huenda limekuambia jambo. Kuna lolote unaloona gumu kuniambia mimi?" Likiwapo, lizungumzwe. Na ikiwa mtu hawezi kabisa, kumpeleka kwa mshauri mwingine si aibu kwa yeyote kati yao.

Lipo pia lile la "Umeokoka?" Hapa ninakubaliana na wanaonyamaza. Mshauri akisema ndiyo, msichana aliyetoa mimba huenda asiitaje kamwe. Akisema hapana, mzee anayetegemea sala kila asubuhi ataficha imani yake akidhani itachekwa. Jibu lolote hufunga mlango mmoja. Nimeona inafaa mshauri aseme tu kwamba amewahi kuzungumza na watu wa dini mbalimbali na wasio na dini, kisha amwulize mteja ni nini angetaka kifahamike kuhusu imani yake na ni nini anachohofia.

Lakini usije ukadhani kwamba kujieleza ni vibaya siku zote. Katika kliniki zetu za akina mama wajawazito wapo wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi ambao wamefunzwa kuwasaidia wenzao waliopimwa na kupatikana navyo. Mwanamke huyo husema waziwazi, "Mimi pia ninavyo, na mtoto wangu alizaliwa salama." Hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna daktari anayeweza kuyasema maneno hayo yakaingia kama yanavyoingia yakitoka kinywani mwake. Vile vile chama cha walevi walioacha pombe, Alcoholics Anonymous, kilichoanzia Akron nchini Marekani mwaka wa 1935, kimesimama juu ya msingi huo huo: mlevi anamsimulia mlevi. Hata hivyo wanaofanya kazi hii vizuri husimulia kile tu kitakachomfaa anayesikiliza. Wakishaona ametulia, hurudi kwake.

SWALI LISILOFAA KUPITWA

Lipo swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na nyakati nyingine kwa kicheko: "Wewe daktari, hujawahi kuona heri ufe tu?"

Mshauri anayejua kazi yake hataanza kueleza maisha yake hapa, wala hatashtuka, wala hatakimbilia kuhubiri. Atauliza moja kwa moja: "Wewe je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba ukilitamka neno hilo utakuwa umempa mtu wazo. Si kweli. Kumwuliza mtu waziwazi hakumpandishii wazo, na mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna anayeweza kulisikia. Baada ya hapo atauliza kama kuna mpango, kama kuna kitu cha kutumia nyumbani, na ni nani anayeweza kukaa naye usiku huo.

Kwa miaka mingi watu wetu waliogopa kulijibu swali hili kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo kama swali hilo ndilo unalozunguka nalo kichwani, usilifiche ndani ya swali la mtu mwingine. Liseme kama lako, kwa mshauri, kwa daktari, au katika chumba cha dharura cha hospitali yoyote iliyo karibu nawe, hata kama ni usiku wa manane.

YALE UNAYOSTAHILI KUJIBIWA

Sasa turudi kwa lile jambo la kwanza katika yale matatu ya Yalom. Yapo maswali ambayo mshauri hana ruhusa ya kuyajibu kwa swali. Alisomea wapi na kwa muda gani? Amesajiliwa? Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka wa 2014, nayo iliweka bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Kuuliza cheti si utovu wa adabu. Wewe hungemwachia gari lako fundi usiyemjua, sembuse akili yako. Ulizia pia kama amewahi kushughulika na tatizo kama lako, iwe ni kufiwa na mtoto, kubakwa, au kamari za simu ambazo siku hizi zinawamaliza vijana. Kama hajawahi, afadhali aseme.

Uliza malipo ni kiasi gani na kama unatozwa usipofika. Uliza anaandika nini, anakiweka wapi, na ni nani anayeweza kukisoma. Hasa uliza kuhusu siri. Atakuambia kwamba siri yako inalindwa, ila kuna mipaka: mtoto akiwa anadhulumiwa, uhai wako au wa mtu mwingine ukiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka wowote ama hakufunzwa au hasemi kweli. Uliza pia kama ana msimamizi, yaani mshauri mwenye uzoefu zaidi ambaye huketi naye mara kwa mara kupitia kazi yake. Huo ni utaratibu mzuri, na asiye na msimamizi hana mtu wa kumwambia anapopotoka.

Mambo yake binafsi yanayogusa saa zenu pia ni haki yako. Mshauri mjamzito hawezi kujifanya kwamba tumbo halionekani, na mteja wake, hasa aliyepoteza mimba, anastahili kuambiwa mapema atakwenda likizo lini na nani atashika nafasi yake. Akiwa mgonjwa na atakosekana miezi miwili, aseme atakosekana, ingawa si lazima ataje ugonjwa.

ANAPOSEMA MENGI MNO

Nimetumia nafasi kubwa kuwatetea wateja dhidi ya washauri wasiosema kitu. Lakini kama ningelazimika kuchagua, ningemwogopa zaidi yule anayesema kila kitu.

Madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Gutheil na Glen Gabbard, waliandika mwaka wa 1993 kuhusu mipaka ya kazi hii. Walitenganisha kuvuka mpaka kidogo kusikomdhuru mtu, kama vile kumshika mkono mteja aliyejikwaa mlangoni, na kuuvunja mpaka kwa namna inayomdhuru. Walionya kwamba makosa makubwa, kama vile daktari kulala na mgonjwa wake, kwa kawaida hayaanzi makubwa. Hutanguliwa na madogo. Mojawapo ni daktari kuanza kumweleza mgonjwa taabu zake.

Huanza hivi. Umekuja kwa sababu ndoa yako ina matatizo. Wiki ya tatu mshauri anakuambia yake nayo ina matatizo. Unajisikia umeheshimiwa, kwani mtu mwenye elimu amekuamini. Wiki ya tano anakuambia hakuna anayemwelewa kama wewe. Saa yako inasogezwa hadi jioni, wakati karani amekwenda nyumbani. Simu zinaanza kuingia saa nne za usiku. Anakuomba usimwambie mtu. Kufikia hapo si mashauri tena, na kosa si lako hata kama ulifurahia, hata kama ni wewe uliyeuliza swali la kwanza. Mwenye kulinda mpaka ni yule anayelipwa. Kanuni za chama cha wanasaikolojia wa Marekani zinakataza mwanachama kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mteja, na hata baada ya matibabu kwisha zinamzuia kwa angalau miaka miwili. Ikishapita hiyo bado mzigo wa kuthibitisha kwamba hamdhulumu mtu ni wake.

Si mapenzi tu. Wapo wanaokukopa pesa, wanaokuingiza katika chama chao, wanaokuuzia vipande vya ardhi au dawa za lishe. Kipimo changu ni rahisi: ukitoka pale, unatembea ukiwaza taabu za nani? Kama wiki mbili mfululizo umetoka ukiwaza za kwake, acha kwenda, na umwambie msimamizi wake, au kituo kilichomwajiri, au bodi.

NJE YA CHUMBA

Nairobi ni kubwa lakini si kubwa hivyo. Siku moja utamkuta mshauri wako dukani, ana mtoto begani na anabishana na mume wake juu ya bei ya mafuta ya kupikia. Akikupita bila kukusalimu, usiudhike. Wengi hungoja wewe uanze, kwa sababu hawajui uliye naye kando yako anajua nini. Ukimsalimu atakusalimu, na hatakuuliza "unaendeleaje?" kwa sauti ya kliniki. Mwaliko wa harusi ya binti yako huenda asiukubali kwa sababu hiyo hiyo: shangazi zako watataka kujua huyu ni nani na mlijuana wapi.

Siku hizi vile vile huhitaji kumwuliza mtu kitu. Unafungua Facebook usiku na kumjua. Unaona picha za kanisani kwao, unaona alivyoandika kuhusu siasa, unaona mazishi ya babake. Kisha wiki nzima unakaa na mambo hayo, ukiona haya kama mtu aliyechungulia dirishani. Mwambie. "Niliona kwamba ulifiwa" inatosha. Mshauri aliyekomaa atakushukuru, atasema neno moja au mawili, kisha atakuuliza ilikuwaje kwako kujua. Ukikaa kimya utaanza kumhurumia na kumfichia mambo mazito, ukidhani ana yake ya kutosha.

Na kama wewe ni mmoja wa wale waliokwenda mara moja wakauliza, wakajibiwa kwa swali na hawakurudi, piga simu uombe saa nyingine. Anza papo hapo ulipoachia: "Siku ile nilikuuliza kama una watoto, ukaniuliza kwa nini, nami nikaudhika." Sikiliza atakavyolipokea neno hilo. Akilipokea kwa utulivu na kutaka kujua zaidi, mmeanza kazi. Akikasirika au akianza kujitetea, rudi kwa daktari wako akutumie kwa mwingine, wapo.